Kiti cha Tatu

Chumba kilichonifanya niwe daktari kilikuwa na viti vitatu. Kimoja cha daktari, kimoja cha mgonjwa, na cha tatu kilisogezwa pembeni karibu na mlango, mahali ambapo mtu akikaa hazibi njia wala mwanga. Hicho kilikuwa changu. Nilikikalia kwa miezi minane, nikifundishwa na daktari wa familia, yaani daktari anayewatibu watu wa rika zote na kuwafuata kwa miaka, katika kituo cha afya kilichokuwa mwendo wa saa nyingi kutoka hospitali yoyote yenye daktari bingwa. Hadi leo nikiulizwa udaktari nimesomea wapi, jibu linalonijia kwanza si jina la chuo.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefundishwa nikiwa nimesimama. Aliyepita hospitali kubwa ya kufundishia anaijua asubuhi ya raundi: bingwa mbele, wanaosomea ubingwa nyuma yake, halafu watarajali, halafu sisi wanafunzi, tumekizunguka kitanda cha mtu ambaye hatujui alifikaje pale wala ataishije akitoka. "Kitanda namba 12, ini." Nilijifunza mengi kando ya vitanda vile na sina nia ya kuvidharau. Lakini kila niliyemwona alikuwa ameshachujwa. Kuna mtu, huko mbali, alikuwa ameshaamua kwamba huyu anaumwa kweli, ameshakisia ni kiungo gani, ameshamwandikia rufaa. Kazi ngumu kuliko zote katika udaktari, ya kumpokea mtu anayesema tu "sijisikii vizuri" na kutambua kama ni jambo la kusubiri au la kukimbizana nalo, ilikuwa imekwisha kufanyika kabla sijavaa koti langu jeupe.

Mwaka 1961 daktari mtafiti Kerr White na wenzake walichapisha hesabu ambayo kila mwanafunzi wa udaktari angepaswa kuonyeshwa siku ya kwanza. Walikadiria kinachowapata watu wazima 1,000 ndani ya mwezi mmoja. Watu 750 kati yao hupata ugonjwa au maumivu ya namna fulani. Watu 250 humwendea daktari. Watu 9 hulazwa, 5 hupewa rufaa kwa daktari mwingine, na mmoja tu ndiye anayefika hospitali ya chuo kikuu. Hesabu hiyo ilipofanywa upya Marekani mwaka 2001, sura yake haikubadilika. Wa hospitali ya chuo hakutimia hata mmoja. Kwa hiyo tulikuwa tunajifunza tiba ya watu elfu kwa kumtazama mmoja. Kisha watu wanashangaa kwa nini kijana aliyehitimu kwa alama za juu anaogopa kupangiwa kituo cha mbali. Wengine humwita mvivu, wengine husema anaringa. Mimi nasema ameandaliwa kwa kazi nyingine, na anajua.

Wiki yangu ya pili kwenye kiti cha tatu aliingia mama mmoja akilalamika kichwa. Kilikuwa kimemsumbua wiki kadhaa. Kichwani mwangu orodha ilianza kujipanga: uvimbe kwenye ubongo, shinikizo la damu, macho, homa ya uti wa mgongo, na nilikuwa nimeshaandaa maswali yangu kumi. Mwalimu wangu alimpima presha, akamtazama macho, akamgusa shingo, akamuuliza yale yote ambayo daktari hapaswi kuyaacha. Kisha akaweka kalamu chini.

"Na mzee, siku hizi analala?"

Mama alinyamaza. Halafu akalia, kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Mumewe alikuwa amepatwa na kiharusi miaka miwili nyuma, usiku aliamka mara kwa mara, akiita, akijaribu kusimama. Mama hakuwa amelala usiku mzima tangu msimu uliopita. Siku ile aliondoka na vidonge vichache sana na mpango mrefu: nani atamshika mkono mzee usiku upi, muuguzi atapita nyumbani lini, arudi yeye mwenyewe lini.

Nilidhani mwalimu amebahatisha. Jioni alinieleza kwamba yeye ndiye aliyempokea mzee siku ya kiharusi. Alilijua jina la kila aliyeishi katika nyumba ile. Akaongeza neno ambalo nimewarudia wanafunzi wangu mara nyingi kuliko jingine lolote: "Kumjua mtu hakukupi ruhusa ya kutomkagua."

Miezi minne baadaye mama yule alirudi, na malalamiko yalikuwa yale yale: kichwa. Lakini hata kabla hajakaa nilihisi kuna kilichobadilika. Huyu alikuwa mama wa maneno mengi, mtu anayeanza kusimulia akiwa bado mlangoni. Siku ile aliongea kwa mkato, akiacha kila baada ya maneno machache kushika taya. Nikamtazama mwalimu, naye akanitazama. Tukamgusa pembeni mwa kipaji cha uso: mshipa wa damu ulikuwa mgumu na unauma. Kuna ugonjwa wa mishipa hiyo unaowapata watu wenye umri mkubwa ambao ukicheleweshewa dawa huweza kupofusha. Alianza dawa saa ile ile, na rufaa ikaandikwa. Macho yake yalisalimika.

Naisimulia kwa sababu swali linaloulizwa kuhusu mafunzo ya madaktari wa familia vijijini na maeneo ya mbali huwa ni moja: wangapi walibaki? Ni swali la haki na nitalifikia. Lakini athari ya kwanza ilikwisha tokea ndani ya chumba kile kabla sijahitimu. Nilikuwa nimemjua mtu mmoja kwa muda wa kutosha kujua maumivu yake ya kawaida yanasikikaje, na kwa hiyo nikaweza kuyasikia yasiyo ya kawaida. Hakuna raundi ya wodini inayoweza kumfundisha mwanafunzi jambo hilo, hata raundi iliyo bora. Mgonjwa wa wodini hukaa siku nne. Mwanafunzi naye huhamishwa idara baada ya wiki sita.

Thamani ya kujuana huko inaonekana hata kwenye takwimu. Watafiti wa Norway walichapisha mwaka 2021 uchambuzi wa kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 4. Waliokuwa na daktari yule yule wa familia kwa zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokuwa naye mwaka mmoja au pungufu, walikuwa na uwezekano mdogo kwa takriban asilimia 25 wa kufariki ndani ya mwaka uliochunguzwa, na pungufu kwa karibu asilimia 30 wa kulazwa kwa dharura. Utafiti wa kumbukumbu hauwezi kuthibitisha moja kwa moja nini kimesababisha nini. Hata hivyo, kama kingekuwa kidonge kinacholeta tofauti hiyo, kila serikali ingekuwa imekwisha kukinunua.

Ilikuwaje basi mafunzo yakahamia mjini yote? Sehemu ya jibu ni nia njema. Mwaka 1910 mtaalamu wa elimu Abraham Flexner alitoa ripoti yake baada ya kuzunguka vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingi vilikuwa vya hovyo kweli: hakuna maabara, hakuna wagonjwa, karo tu. Dawa aliyopendekeza ilikuwa kuyafunga mafunzo kwenye vyuo vikuu, maabara na hospitali zao, na mfano huo ukaenea duniani. Uliokoa maisha mengi. Lakini ulifunga pia vyuo vingi vidogo, vikiwamo vitano kati ya saba vilivyofundisha madaktari weusi wa Marekani, na ukaacha mazoea ambayo hakuna aliyeyaandika mahali popote: kwamba ujuzi unakaa kwenye jengo kubwa, na kwamba daktari aliye mbali na jengo hilo ni daktari aliyeshindwa kubaki karibu nalo. Nimewasikia walimu wakimwambia mwanafunzi hodari, kwa upendo kabisa, "Wewe una akili sana kwa ajili ya tiba ya familia." Sentensi kama hiyo moja huweza kumwondolea kijiji kimoja daktari wake wa miaka thelathini.

Miaka kama 60 baada ya Flexner, daktari wa familia Julian Tudor Hart, aliyekuwa akifanya kazi Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika mwaka 1971 juu ya kile alichokiita sheria ya huduma iliyopinduka: kwamba huduma nzuri ya afya huwa haba zaidi pale inapohitajika zaidi. Watu humkumbuka kwa sentensi hiyo. Mimi humkumbuka zaidi kwa alichokifanya kwenye kliniki yake: alitafuta kupima shinikizo la damu la watu wote wazima wa eneo lake, mmoja mmoja, hata wasioumwa, na akawafuata kwa miaka zaidi ya ishirini. Kijiji kile kikawa mahali pa utafiti wa kweli. Vifo vya watu wa chini ya miaka 65 vikawa vichache kuliko vya kijiji jirani kilicholinganishwa nacho. Ujuzi ulikuwa unazalishwa kule kule.

Na mwaka huo huo wa 1971, huko Marekani, vyuo viwili vilianza kurudisha nyayo. Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza kuwapeleka wanafunzi wake wakaishi na kujifunza katika jamii za vijijini kwa miezi tisa. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kikaanzisha mpango wa kufundisha kwa ajili ya majimbo jirani yasiyokuwa na chuo cha udaktari, ikiwamo Alaska. Mwaka uliofuata Japani ilifungua Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi. Kila mkoa huteua vijana wake wachache, karo hubebwa kama mkopo, na mkopo hufutwa kwa aliyerudi kutumikia mkoani kwake, kwa kawaida miaka 9. Mwaka 1976 Ufilipino ilianzisha katika kisiwa cha Leyte chuo ambacho nakipenda kuliko vyote kwa wazo lake. Jamii yenyewe humteua kijana. Huanza kusomea ukunga, akarudi kufanya kazi kwao. Akifanya vizuri hupanda kwenda uuguzi. Na wachache hupanda hadi udaktari. Anayefika juu ameshazalisha akina mama wengi katika jamii iliyomtuma.

Australia ilifuata njia nyingine mwaka 1997. Chuo Kikuu cha Flinders kiliwachukua wanafunzi ambao kwa kawaida wangekaa mwaka mzima katika hospitali kubwa ya Adelaide, wakizunguka idara moja baada ya nyingine, kikawaweka katika kliniki za madaktari wa familia kando ya mto Murray. Hofu ya wazazi na wakufunzi ilikuwa dhahiri: watafeli. Kule mashambani magonjwa hayaji kwa mpangilio; asubuhi ni mtoto mwenye kikohozi, mchana ni mzee mwenye moyo dhaifu, usiku ni mama anayejifungua. Mwaka 2004 matokeo yao yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza. Walikuwa wamefanya vizuri zaidi katika mitihani kuliko wenzao waliobaki hospitalini.

Sishangai. Nilipokuwa na mama yule wa kichwa, nilisoma juu ya mishipa ya kipajini usiku kucha kwa sababu kesho yake nilikuwa nitamwona tena. Mtu husoma tofauti anaposomea jina la mtu.

Sasa swali la kubaki. Chuo cha Jefferson huko Philadelphia, kwa mpango ulioanza mwaka 1974, kilitenga nafasi kwa vijana waliokulia vijijini na waliosema tangu mwanzo kwamba wanataka kuwa madaktari wa familia vijijini. Watafiti waliwafuatilia. Baada ya miaka 11 hadi 16, kati ya wahitimu 38 wa mpango huo walioanza kazi vijijini, 26 walikuwa bado pale pale wakifanya tiba ya familia. Kati ya wenzao 54 wasio wa mpango huo, walioanza vile vile vijijini, waliobaki ni 25. Ni watu wachache, na ni kweli kwamba walichaguliwa kwa sababu walikuwa na moyo huo kabla. Wakosoaji husema hapo mafunzo hayajathibitisha kitu, ni uteuzi tu. Mimi sioni kama hoja hiyo inaharibu lolote. Kama kumteua kijana wa mbali na kumfundisha mbali ndiyo njia, basi tuyafanye yote mawili. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake mwaka 2010 lilisema hivyo hivyo: chukueni wanafunzi wenye asili ya vijijini, jengeni vyuo nje ya miji mikuu, pelekeni mafunzo ya vitendo vijijini. Waliandika wakati huo kwamba karibu nusu ya watu duniani wanaishi vijijini, lakini madaktari walioko huko ni chini ya robo ya madaktari wote.

Kanada ilifanya jaribio kubwa zaidi. Mwaka 2005 ilifungua chuo cha udaktari kaskazini mwa Ontario, chenye kampasi mbili, Sudbury na Thunder Bay, kikiwa chuo kipya cha kwanza cha udaktari nchini humo baada ya zaidi ya miaka 30. Wanafunzi wake wengi mno ni wa kaskazini. Mwaka wa kwanza huishi wiki nne katika jamii ya wenyeji asilia. Mwaka wa tatu huhamia miezi minane katika mji mdogo na kujifunza humo tiba yote. Tangu mwaka 2022 kimekuwa chuo kikuu kinachojitegemea. Wahitimu wake wengi waliosomea pia ubingwa wa tiba ya familia huko huko wamebaki kufanya kazi kaskazini.

Nimefanya kazi na madaktari walioletwa na mkataba na wengine walioletwa na mafunzo, na nitasema ninavyoona. Mkataba humleta mtu. Hauwezi kumbakiza. Siku ya mwisho ya mkataba mizigo iko tayari, na simlaumu anayeondoka. Mara nyingi amekaa miaka yote ile akiwa na hofu. Katika mazungumzo yote juu ya kwa nini madaktari wanaondoka, tunataja mshahara, nyumba, shule ya watoto, kazi ya mwenzi, na yote ni ya kweli, tena kazi ya mwenzi ni nzito kuliko viongozi wanavyokubali. Hofu hatuitaji, kwa sababu hakuna daktari anayependa kukiri. Lakini fikiria saa nane za usiku, mama amepungua nguvu baada ya kujifungua, damu haikomi, rufaa iko mbali na wewe ndiye daktari peke yako. Aliyewahi kukutana na usiku huo mara ya kwanza akiwa na mwalimu pembeni atalala kesho yake. Aliyekutana nao peke yake ataanza kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Ndiyo maana mafunzo ya mahali pa mbali lazima yawe na vitu ambavyo daktari wa familia wa mjini huenda asivihitaji kamwe: dawa ya usingizi, upasuaji wa kujifungua, kufunga mfupa, kumtuliza mtu aliyechanganyikiwa hadi msaada ufike. Queensland, Australia, iliweka njia rasmi ya kuwaandaa madaktari wa aina hiyo tangu mwaka 2007. Athari yake haiishii kwa daktari. Mahali pasipo na mtu wa kutoa dawa ya usingizi hapana upasuaji. Pasipo na upasuaji, chumba cha kujifungulia hufungwa mapema au baadaye. Kikifungwa, wakunga wanaondoka, na wajawazito wanaanza kuhesabu umbali. Mtu mmoja aliyefunzwa ipasavyo anaweza kuushikilia mlolongo huo wote usikatike.

Nimefika kwenye jambo ambalo nilichelewa kulielewa, na ndilo lililonifanya niandike.

Mwalimu wangu alikuwa ameshaamua kuondoka. Aliniambia miaka mingi baadaye. Mwaka ule ule chuo kilipomwomba apokee wanafunzi, alikuwa amechoka na kazi ya kuamua peke yake, bila mtu wa kumuuliza, bila mtu wa kumpinga. Akakubali kwa mwaka mmoja tu. Wanafunzi wakamuuliza kwa nini dawa hii na si ile, akagundua jibu lake lilikuwa la miaka kumi iliyopita, akaanza tena kusoma. Chuo kilidai kuwe na intaneti, ikaletwa, na wa kwanza kuitumia kila usiku alikuwa muuguzi wa zamu. Stoo ikamwagwa, ikapakwa rangi, ikawa chumba cha pili cha kuonea wagonjwa. Mkunga aliyenifundisha kuzalisha, mwanamke mwenye mikono mitulivu kuliko yeyote niliyewahi kumwona, alipewa barua rasmi ya kumtambua kuwa mkufunzi. Aliikunja na kuiweka mfukoni mwa sare yake siku nzima.

Sisi wanafunzi tuliambiwa tuhesabu, faili kwa faili, wagonjwa wangapi wa kisukari walikuwa wamekaguliwa miguu ndani ya mwaka. Hawakufika nusu. Tuliliandika hilo kwenye karatasi tukalibandika kwenye ukuta wa chumba cha chai, na hakuna aliyekasirika. Kundi lililotufuata lilihesabu upya, namba ikawa imepanda, kwa sababu wauguzi walikuwa wameanza kuwavua wagonjwa viatu hata kabla ya kumfikia daktari. Hakuna mkaguzi aliyetumwa, wala waraka. Kilichotokea ni kwamba mahali pale palikuwa pameanza kujiuliza maswali.

Mwalimu wangu hakuondoka. Anayepiga hesabu ya wahitimu waliobaki hamwoni mtu kama yeye, maana hakuwa mhitimu wa mpango wowote. Wala hamwoni mkunga. Mimi nikipiga hesabu yangu, nawaanza hao.

Yote haya yanaweza kufanywa vibaya, na nimeyaona yakifanywa vibaya. Ziara za wiki mbili ndizo mbaya zaidi. Mwanafunzi hufika, hupiga picha, huona umaskini wa vifaa bila kuona uhodari wa watu, na huondoka akiwa ameshawishika kwamba pale hawezi kuishi. Wagonjwa nao huchoka kusimulia maisha yao upya kwa kila sura mpya. Bora mwanafunzi mmoja kwa miezi minane kuliko kumi na sita kwa wiki mbili mbili.

Halafu kuna siri. Katika jamii ndogo, mwanafunzi aliyesikia asubuhi juu ya ujauzito uliopotea atakutana jioni na mama huyo njiani, labda akiwa na mumewe asiyejua. Hospitali ya watu wengi inakulinda na jambo hilo. Mahali padogo hapakulindi. Ruhusa ya mgonjwa lazima iwe ruhusa kweli, iombwe mwanafunzi akiwa nje ya mlango, na "hapana" ipokelewe bila kukunja uso. Mimi mwenyewe nilikosea hapa, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Nilimwacha mwanafunzi ndani ya chumba nilipompa kijana mmoja majibu ya kipimo chake, kwa sababu niliona ni nafasi nzuri ya kujifunza. Sikuuliza. Kijana yule hakurudi kwenye kituo chetu. Nilimwandikia, nikaomba radhi, na hakujibu; nilistahili.

Na kuna gharama. Wiki za mwanzo mwanafunzi hupunguza mwendo. Wagonjwa wanaongezeka kwenye benchi, daktari anamaliza baada ya giza. Baada ya miezi mitatu minne anaanza kubeba mzigo, lakini mtu wa kulipia wiki zile za mwanzo lazima awepo. Kumtaka daktari wa mbali afundishe bure ni kuwalipisha wagonjwa wake karo ya mwanafunzi kwa saa zao za kungoja. Mwanafunzi naye anahitaji mahali salama pa kulala na mtu wa kumpigia simu akilemewa. Kuwa mbali na kwenu, ukiona kifo chako cha kwanza, ni upweke mkubwa, na mpango usiouona upweke huo utawapoteza wale hasa wenye huruma.

Sasa kiti cha daktari ni changu, na cha tatu kiko pale pale karibu na mlango. Tumekibadilisha, hiki kina mto. Bibi mmoja ninayemhudumia tangu nilipofika alikataa wanafunzi kwa miaka. Nilikuwa namuuliza kila mara, naye kila mara alisema hapana, na mwanafunzi alingoja nje. Mwaka jana alikubali, kwa sharti kwamba binti niliyekuwa namfundisha asiandike chochote bibi akiwa anaongea. Binti akaweka daftari chini ya kiti. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anamfahamu bibi kiasi cha kujua kwamba akisema "niko salama tu" mara mbili, hayuko salama.

Wiki iliyopita bibi aliingia, akatutazama sote wawili, akanionyesha kwa fimbo yake kile kiti cha pembeni.

"Daktari, leo kaa pale. Ya leo nataka nimwambie huyu."

Nikahama. Binti akasogea mezani, akamsaidia bibi kukaa, na kabla ya kumuuliza lolote akainama kumvua viatu aone miguu.